Mikono Nyuma

Nilisikia makofi kabla sijafumbua macho. Hayakuwa makofi ya kushangilia. Yalikuwa mapole, ya viganja vilivyokunjwa kidogo kama vimeshika maji, yakipigwa taratibu nje ya mlango wa nyumba yetu mtaani Gungu, alfajiri, wakati ziwa lilikuwa bado halijatengana na mbingu. Nikalala vilevile nikingoja mama aitikie. Kisha nikakumbuka kwamba mama tulishamzika.

Makofi yakakoma. Yakaanza tena.

Nilijua ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ametoka kwao milimani, upande wa Kasulu. Mvua ilikuwa imekata barabara na mazishi yakampita. Nikafungua mlango nikasema, "Shikamoo shangazi." Akasema marahaba, lakini hakusogea. Alitazama ndani, juu ya bega langu, kama mtu aliyebisha hodi na bado hajakaribishwa.

Baba akatoka chumbani, mikono nyuma ya mgongo, kama kawaida yake. "Shikamoo dada. Ingia, kuna baridi."

Akaingia. Viatu alivivua polepole sana.

Kwa Waha, kabila la baba, salamu ya mtu mzima si neno moja. Mgeni huinama, hupiga makofi, hutaja amani ya asubuhi. Mwenyeji naye hupiga, huuliza habari za waliobaki nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mikono ya wawili hao huendelea kusemezana mpaka wote watosheke. Nyumbani kwetu aliyeitoa salamu hiyo alikuwa mama peke yake, naye hakuwa Muha. Alizaliwa Ujiji, kwa watu ambao babu zao walivuka ziwa kutoka Kongo. Kiha alijifunzia sokoni, kwa wanawake wanaoleta mawese. Shangazi akija, mama aliacha sufuria jikoni, akaenda mlangoni, akapiga magoti na kuitikia. Sisi watoto tulicheka. Baba alisikiliza redio.

Asubuhi ya pili shangazi alitoka kwa mlango wa uani, akasimama nje, akaipigia nyumba makofi. Iliyofuata vilevile. Vijana wa bodaboda wa pale kwenye kona wakamzoea.

"Mwakeye bibi!" mmoja akapaza salamu ya asubuhi ya Kiha, kwa ile lafudhi ambayo nchi nzima hututania nayo.

"Mwakeye na wewe," akajibu bila kugeuka. "Mama yako alikufundisha neno, mikono akaisahau tumboni?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaulalia usukani. Mimi nilikuwa dirishani, nikajua kwamba jibu limechekesha. Kicheko chenyewe hakikunifikia. Siku zile kila kitu kilinijia hivyo, kama boti iliyo mbali: unaiona inakwenda, unajua inanguruma, husikii kitu.

Tulikuwa uani tukichambua dagaa aliponiuliza, "Unajua kwa nini baba yako anashika mikono nyuma?"

"Ni mkao wake tu."

"Ni mkao wa babu yako huo."

Akanisimulia huku vidole vyake vikiendelea na kazi. Babu alikuwa mtoto alipopelekwa misheni. Siku ya kwanza alimkuta padri, mzungu, mtu mzima, akainama na kumpigia makofi kama alivyofunzwa na mama yake. Padri akaona anadhihakiwa. Akamchapa viganja kwa rula mbele ya wenzake. Kesho yake mtoto akasahau, akapiga tena, akachapwa tena. Mwisho akaona dawa ni kuifungia mikono nyuma, isije ikamponza.

"Likizo akarudi nyumbani na jina jipya na kaptula," shangazi alisema. "Mama yake akampigia makofi njia nzima, kutoka shambani. Mwanawe kasimama tu, mikono nyuma. Mama alidhani wamemvunja mikono."

Babu alikuja kuwa katekista, naye akawalea wanawe wa kiume hivyohivyo. Binti hakupelekwa shule, kwa hiyo mikono yake haikuguswa. Shangazi alilisema hilo bila kujivuna, kama anayetaja shamba alilorithi kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Yule padri alishazikwa. Nchi ikapata bendera yake. Baba akasoma, akafanya kazi reli, akastaafu, na mikono bado iko nyuma.

"Sasa unataka nini, shangazi?"

"Aniitikie. Mara moja tu. Nikifika nyumbani wataniuliza, nyumba ya msiba imesemaje? Niwaambie imenipa chai?" Akatupa kokoto aliyoikuta kwenye dagaa. "Mkewe alikuwa anaitika kwa niaba yake, nami nilimpokea. Amekwenda. Na miguu hii haitanileta huku tena."

"Basi nifundishe mimi."

Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Akaguna. "Umefunga goli?" Akavishika viganja vyangu, vyake vikinuka dagaa, akavikunja, akavikutanisha taratibu mpaka vikatoa ile sauti nzito ya chini. Nilingoja nihisi kitu. Nilihisi ngozi yake kavu, basi.

"Vizuri," akasema. "Ila wewe ni mtoto wa nyumba, mwanangu. Si nyumba."

Jioni nilimfuata baba barazani. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa inafifia. Nikamweleza alichokuja kutafuta dada yake, nikamuuliza kama hakuwahi kujifunza salamu hiyo.

"Najua," akasema. "Nilikuwa napigiana makofi hayo na bibi yako jikoni, babu yako asipokuwepo."

"Basi?"

"Basi nini? Mama yako alikuwa anaifanya vizuri." Akaongeza sauti ya redio.

Siku ya kuondoka, bajaji ilingoja nje. Sebuleni shangazi aliinama akapiga makofi ya kuaga. Nikapiga magoti nikaitikia, akanipokea kwa kichwa, kisha akamgeukia baba. Akapiga tena. Akangoja.

Baba akaitoa mikono mgongoni. Akainama, akaokota mfuko wa dada yake.

"Basi lisikuache, dada."

Akaubeba mpaka nje, akampa dereva, akarudi kusimama mlangoni. Sasa mikono ilikuwa mitupu. Shangazi alikuwa ngazi ya kwanza, chini yake kidogo. Akapiga mara ya mwisho, polepole, bila kumtazama usoni. Aliitazama mikono. Nayo ikapanda mpaka kifuani, viganja vikaelekeana, vikakunjika kidogo, kwa namna ambayo mtu hawezi kuibuni mwenyewe asipofundishwa na mama yake. Ikakaa hapo bila kugusana. Nilikuwa nimepiga magoti bado, karibu kiasi cha kuona makovu ya kazi kwenye vidole.

Dereva akawasha bajaji. Shangazi alisimama kidogo zaidi, kisha akajifunga vizuri kanga, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Baba akaishusha mikono, akaitazama, akaitumia kufunga mlango.