Visu kwa Ajili ya Mjane na Mshona Nguo

Kwa miaka thelathini na minane Zenaida Cordoví alisokota sigara nene katika kiwanda kimoja cha mji wa Pinar del Río, na miaka yote hiyo alisomewa akiwa kazini. Msomaji hukaa juu ya jukwaa, akiwasomea wafanyakazi kwa sauti: asubuhi gazeti, mchana riwaya. Riwaya huchaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na kura ni kugonga meza kwa ubapa wa kisu cha kukatia majani. Zenaida alikuwa amekwisha kusikia mauaji mengi kuliko hakimu yeyote wa mkoa. Kugonga, hakuwahi. Alisema kazi yake ni kusokota.

Mwezi Machi alimzika Migdalia wa chumba cha kuchambua majani, ambaye alikaa naye nyumba moja tangu ujana. Kiwanda kizima kikampa pole ya kufiwa na binamu. Aliipokea, kwa kuwa hakukuwa na nyingine.

Mwezi Juni Nereida, msomaji, akaleta kitabu cha mjane mwenye shamba la miwa na mshona nguo wake, enzi za magari ya farasi. Kufikia sura ya tano mjane alikuwa akipimwa gauni lilelile kwa mara ya saba.

"Kwani huyo mama ananenepa kila wiki?" aliuliza Evelio, aliyekaa meza moja na Zenaida.

"Wewe mzee, hebu tusikie," wakasema wanawake wa nyuma.

Zenaida hakucheka. Mababu alikuwa nao, kama watu wote. Aliowakosa ni wale waliopenda kama yeye, na sasa hao hapa, wenye vifungo hadi kooni. Tena waliokuwa wakiwawinda wote walishakufa miaka mia iliyopita, jambo lililompumzisha. Ila aliyajua mazoea ya waandishi. Watu wa namna hiyo hupelekwa mtoni, au hushikwa na homa.

Wakati wa kahawa alimfuata Nereida. "Mwanangu, wanakufa?"

"Mama Zenaida, nikikwambia wewe, kesho nitamnyima nani?"

Ijumaa Evelio akaomba kura: kitabu kikatishwe, kiletwe cha kijasusi.

"Sina ubaya nao," alisema. "Lakini sura kumi na moja, hata maiti moja?"

Wanaotaka kikatishwe wakagonga kwa nguvu. Wanaotaka kiendelee wakagonga kama mvua inayosita. Nereida akasikiliza, akaanza kukifunga kitabu.

Zenaida angeweza kukiazima akakisome nyumbani. Lakini mambo ya kujifungia ndani alikuwa nayo ya kutosha. Hili alitaka lisemwe mchana, mbele ya watu mia mbili. Akagonga. Jani zuri likapasuka chini ya kisu. Vichwa vikageuka, si kwa ukubwa wa sauti, bali kwa meza ilikotokea. Akagonga tena. Wanawake wa nyuma wakamfuata, kisha na wengine, na Nereida akakifungua kitabu.

Kilimalizika baada ya wiki mbili. Katika ukurasa wa mwisho mjane na mshona nguo ni vikongwe, wanagombana kuhusu chumvi ya maharage. Hakuna mto, hakuna homa. Ukumbi mzima ukagonga. Zenaida peke yake hakugonga. Mikono yake ilikuwa usoni, na tumbaku yake yote.

Evelio akasubiri kelele zitulie.

"Migdalia," akasema polepole, macho kwenye kazi yake, "alikuwa binamu yako upande gani? Wa mama au wa baba?"

"Hakuwa binamu yangu, Evelio."

Evelio akalinyoosha jani kwa kiganja, akalinyoosha tena, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Basi ile pole yangu ya Machi ilikosea njia," akasema. "Pole, Zenaida. Sikujua kama umebaki mjane."

Akamsogezea jani jingine, zima, badala ya lile Zenaida alilolipasua siku ya kura.