Kompresa ya Kiwanda cha Sabuni

Mpaka leo nikisikia hewa inavuja mahali, damu inanichemka. Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa fundi wa kompresa katika kiwanda kimoja cha sabuni hapa Kigali, na mke wangu alikuwa akifunga miche ya sabuni zamu ya mchana. Mashine za kukatia na kufungia ziliendeshwa na hewa iliyoshindiliwa na kompresa hiyo ya umeme. Umeme ulipopanda bei, mkurugenzi alitukusanya akatangaza kwamba matumizi yasiposhuka, zamu ya mchana itafutwa.

Yashuke vipi? Mabomba yalikuwa yakivuja kwenye kila ungio. Wenzangu, wavivu wa kutupwa, waliiacha wazi kidogo koki ya chini ya tangi la hewa, maji yanayojikusanya humo yajitoe yenyewe, wasisumbuke kuinama kuyamwaga kila asubuhi. Hewa nayo ikawa inatoka humo kutwa nzima. Mashine zikilegea, mkurugenzi alikuwa na dawa moja tu.

"Ongeza presha!"

"Patroni, tukiongeza, hewa itavuja zaidi. Tuzibe kwanza."

"Wewe iko fundi ao iko mwalimu? Ongeza!"

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huyu bwana alikuwa akijenga ukuta kila siku. Jumapili, kiwanda kikiwa kimya, niliwasha kompresa peke yake nikapaka povu la sabuni yetu wenyewe kwenye maungio yote. Palipotoa mapovu nilikaza, au nilibadilisha mpira wa kuzibia. Koki nikaifunga, na Jumatatu nikawaambia wenzangu kwamba atakayeiacha wazi tena tutapigana. Sikuwa natania. Kisha nikashusha presha. Kompresa ile isiyojua kupumzika ikaanza kujizima na kutulia, na mashine zikaendelea kukata kama kawaida.

Bili iliyofuata ilishuka. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya watu, na nyumbani kwetu, mtaa wa Kabeza, tukachinja kuku.

Kabla mwezi haujaisha, zamu ya mchana ikafutwa. Wanawake wakaambiwa warudishe aproni. Nilimfuata mkurugenzi ofisini, nikamuuliza ahadi yake iko wapi.

"Wewe bado iko na kazi," akasema. "Shukuru Mungu."

Halafu akaniagiza nivute mpira mrefu wa hewa hadi uani. Kwa kuwa sasa hewa ilikuwa inabaki, alitaka gari lake likaushwe kila asubuhi baada ya kuoshwa. Niliuvuta. Mke wangu alipokuja kurudisha aproni yake, alinikuta nimeinama napuliza matairi ya mkurugenzi yakauke.