Kapasita za Feni Kwenye Spika ya Kulia

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea chuma cha kulehemu kuliko kalamu. Karatasi hizi nimeziandika kwa wiki nzima. Nikiulizwa ana kwa ana huwa sisemi, kwa hiyo nimeona niandike.

Ninatengeneza redio kwenye baraza la nyumba yetu, Ipagala, hapa mjini. Ndani, ukutani, kuna spika mbili kubwa za mbao alizoacha baba. Baba simkumbuki. Spika nazikumbuka toka nilipokuwa nazishikilia ili nisimame.

Mama tulimzika mwaka huu kabla ya mavuno. Alikuwa mtu wa upande wa Chemba, kwenye lugha ya vidoko, ile ambayo ulimi unagonga kaakaa na kuachia katikati ya neno. Bibi, mama yake, hajui kusoma. Zamani, kabla mtandao wa simu haujafika kijijini kwao, walikuwa wanatumiana kanda za kaseti kwa mkono wa mtu anayesafiri. Upande wa kwanza anaongea mama, upande wa pili bibi anajibu, kanda inarudi. Kanda ukishaisikiliza ni lazima uijibu. Kukaa nayo kimya ilikuwa sawa na kusalimiwa ukageuza uso.

Mwezi uliopita bibi alikuja mjini kutibiwa jicho. Dada yangu alifungua sanduku la mama ili ampe kanga, na chini ya kanga akakuta kanda moja. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu: Kwa mama. Nadhani simu ilifika kijijini kabla mama hajapata mtu wa kuipeleka, akaiacha. Bibi hakuwahi kuisikia.

"Iweke," bibi alisema. Nikaiweka.

Sauti ilitoka kama ya mtu aliyejifunika shuka hadi kichwani. Bibi alisikiliza kidogo.

"Nani huyu?"

"Mama."

"Mama yako yupi? Huyu hana ulimi."

Dada alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Akacheka. "Bibi, hizo ni spika za fundi wako. Anatibu redio za mtaa mzima, za kwake zina mafua."

"Mume wangu," bibi akaniambia, maana ndivyo anavyonitania, "Jumamosi naondoka. Watu nyumbani wataniuliza kama nimemsikia mwanangu. Niwaambie nini? Nimesikia mtu anamung'unya viazi?"

Dada akacheka tena. Bibi hakucheka.

Nilimsikia kama ninavyomsikia mteja anayeeleza kasoro ya redio yake. Tangu mazishi nimekuwa hivyo. Niliweka sikio kwenye spika. Kila sanduku lina spika mbili ndani: kubwa ya chini ilikuwa inaongea. Ndogo ya juu, tunayoiita twita, ilikuwa karibu kimya, kushoto na kulia. Nikajua kanda haina kosa.

Kwa asiyejua, nieleze. Spika kubwa inatoa sauti nene. Twita inatoa sauti nyembamba: herufi s, sarafu ikianguka, kidoko. Kabla ya twita kuna kapasita. Kazi yake ni kuzuia sauti nene na kupitisha nyembamba. Ikizeeka inakauka ndani, na hata nyembamba inapita kwa shida. Vidoko vya mama vilikuwa kwenye kanda, vinafika pale vinaishia.

Alhamisi nilifungua spika ya kulia. Kapasita ya zamani ilikuwa imeandikwa nne nukta saba. Nilichomoa yenye kipimo hicho kwenye bodi ya televisheni mbovu, nikailehemu. Hapo nilikosea. Za kwenye bodi zina upande wa chanya na wa hasi, na sauti kwenye spika inakwenda na kurudi, haina upande. Nilijua hilo, ila siku zile nilikuwa nafanya vitu bila kuviangalia.

"Sasa anakoroma," bibi alisema.

"Afadhali, amepata usingizi," dada akasema, kisha akainuka akaenda jikoni. Naona aligundua alichosema.

Ijumaa nilizikumbuka feni. Kila kiangazi watu wananiletea feni zilizoungua mota na hawarudi kuzichukua. Kapasita ya feni haina chanya wala hasi, na haikauki haraka. Nilikuwa na feni mbili, kila moja ina kapasita ya mbili na nusu. Nikaziunganisha pamoja, zikawa tano. Nne nukta saba na tano si mbali. Zilikuwa kubwa, hazikukaa mahali pa ile ndogo, nikazifunga kwa waya pembeni ndani ya sanduku la spika. Kwa ya kushoto hazikubaki.

Bibi aliketi kwenye mkeka katikati ya spika mbili, jicho moja limefungwa bandeji. Nikabonyeza.

Aligeuza uso polepole kuelekea kulia.

"Yuko huku," alisema.

Vidoko vilikuwa vinatoka kimoja kimoja, vikavu, kama mtu anavunja vijiti. Ule mvumo wa kanda nao ulitoka, shiii, mwingi kuliko zamani, maana kapasita mpya haichagui. Bibi hakuujali. Alianza kuitikia. Mama akituliza sauti, bibi anajibu, kama mtu aliye kwenye simu. Mara moja alicheka akapiga paja. Mama alilitaja jina langu la nyumbani, ambalo lina kidoko katikati. Mjini kila mtu anakiruka, na mimi mwenyewe sikiwezi. Mama naye alikiacha alipopata kiharusi, ulimi ulipokuwa mzito.

Nilingoja kitu kinipate. Hakikunipata. Niliangalia kama risasi ya kulehemu imeshika vizuri kwenye waya, ilikuwa imeshika.

"Na huku?" bibi aliuliza, akinyoosha mkono kushoto.

"Huku bado, bibi. Feni zimeisha."

Sikumwambia zaidi. Upande wa kushoto ndiyo sauti ninayoijua. Miezi ya mwisho nilikuwa namlisha mama uji, na alikuwa anaongea hivyohivyo, kama amefunikwa. Bibi hakuwepo.

Kanda ilipoisha alisema, "Igeuze. Nijibu."

Dada alinitazama. Mimi niligeuza kanda, nikabonyeza vitufe viwili vya kurekodi kwa pamoja, nikamsogezea kinasa sauti. Aliongea hadi mkanda ukaisha. Nilielewa kidogo: mvua, mbuzi, jicho, jina langu. Akaitoa mwenyewe kwa kupapasa, akanipa.

"Mpelekee."

"Nani, bibi?"

"Nani tena? Mimi nakwenda mbali. Kaburi liko kwenu huku."

Jumamosi alfajiri nilimbebea mzigo hadi stendi. "Nimemsikia," alisema kabla ya kupanda. "Nitawaambia."

Kaburini sikwenda na redio. Niliona haya. Jumapili dada alipokuwa kanisani nilifunga mlango, nikaweka lile jibu kwenye spika zilezile. Kulia bibi alikuwa anaongea wazi, kushoto alikuwa amefunikwa. Nilikaa mahali alipokaa bibi hadi mwisho. Nilijaribu kulisema jina langu kama anavyolisema. Ulimi uligonga mara moja, vibaya. Nikazima.

Juzi nimeletewa feni nyingine mbili mbovu. Kapasita zake nimezipima, ni nzima, ziko kwenye kopo mezani. Kazi ya spika ya kushoto haizidi saa moja. Sijaigusa. Kapasita ya zamani niliyotoa kulia nimeitunza pia, kwenye kiberiti.

Ninaomba yeyote aliyewahi kubadilisha kapasita kwenye spika za zamani aniandikie kupitia hapahapa mliposoma haya. Nataka kujua jambo moja. Ukiweka mpya, halafu siku moja ukairudisha ile ya zamani, je, sauti ya zamani inarudi ileile? Andikeni hata mistari miwili. Mwandiko mbaya si neno, wangu mmeuona.