Aliyefika Kabla Yangu

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya mambo hayakumpata jirani wa jirani yangu. Yalinipata mimi mwenyewe, kwenye barabara ya kutoka Bunia kuja Kisangani, jua likiwa juu, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Tantine Julienne, mke wa mjomba wangu, yuko hai hapa Kabondo, Kisangani. Mwulize. Atatazama chini kwanza, ndipo akujibu.

Nilikuwa nahama. Mume wangu alifariki, na matanga hayajaisha, ndugu zake wakaja kuchukua nyumba. Sikuwa na nguvu ya kugombana nao. Nilibaki na cherehani zangu tatu na jeep kuukuu. Basi Tonton Fidèle, mdogo wake marehemu mama yangu, akanipigia simu kutoka Kisangani.

"Kuya huku, mutoto wangu," akasema. "Batu ya huku banapenda kuvaa muzuri. Nitakutafutia chumba ya kufanyia atelier ya kushona."

Tonton huyo alikuwa ameniona mara ya mwisho nikiwa mtoto mdogo. Tangu hapo tulijuana kwa sauti tu, kwenye simu. Tantine sikuwahi kumwona tangu siku ya ndoa yao, na hata hiyo naikumbuka nusunusu. Likumbuke hilo, lina maana yake.

Watu wa Bunia walinishangaa. Mwanamke peke yake, njia yote ile, katikati ya msitu? Na kweli niliogopa. Niliogopa matope yanayomeza malori, niliogopa watu wenye bunduki, niliogopa gari kuzimika mahali pasipo na mtu. Kila jioni nilipofika mji wenye watu nilimshukuru Mungu kabla hata ya kuzima gari. Lakini kile nilichokuja kukutana nacho, hicho hakikuwa hata kwenye hesabu ya mambo ya kuogopa.

Nililala Bafwasende, kwa masista. Asubuhi mvua ikanyesha, na nilipotoka mjini nikakuta kizuizi cha mvua kimeshushwa. Ni mti mrefu wanaoulaza barabarani. Hakuna gari kupita mpaka njia inywe maji kidogo. Nikazima gari, nikangoja nyuma ya malori. Ndipo mwanamke mmoja akagonga kioo changu.

Nimweleze vizuri, ili usije ukasema macho yangu yalinidanganya tangu mwanzo. Alikuwa mkubwa kuliko mimi, mwembamba, mrefu, mweusi sana, na mwanya mpana kwenye meno ya mbele. Amefunga kitambaa cha kijani kichwani. Hatukufanana hata kidogo.

"Dada, uko naenda Kisangani?" akauliza. "Unisaidie. Niko peke yangu."

Nilifurahi, nakwambia ukweli. Siku zote hizo sikuwa nimezungumza na mtu isipokuwa askari wa vizuizini. Nikamfungulia mlango, akakaa kando yangu, na mti ulipoinuliwa tukaondoka.

Yule mama alijua kusikiliza. Unawajua watu wa namna hiyo? Hawazungumzi habari zao, wanakusukuma tu taratibu, nawe unamwaga. Nilimweleza kifo cha mume wangu. "Na kisha?" Nikamweleza shemeji zangu walivyobeba hata vitanda. "Na kisha?" Nikamweleza Tonton, Tantine, mtaa wao, lango lao la bati la buluu, mwembe uliokatwa mbele yake, kama Tonton alivyonielekeza kwenye simu. Nikamweleza chumba cha atelier: cherehani zote tatu nitazipanga zitazame dirisha, meza ya kukatia nguo katikati, na kwenye pembe kitanda kidogo, maana nilikuwa na nia ya kuchukua mtoto yatima nimlee. Hilo la mtoto sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani. Kwa nini nilimwambia yeye? Mpaka leo najiuliza.

Mchana, jua likiwa katikati ya kichwa, tukasimama kwenye kijiji. Nikanunua ndizi za kuchoma, makemba tunayaita, na karanga, nikamgawia. Akakataa.

"Hapana, dada. Mimi nitakula kule tunaenda."

Tukaendelea. Na hapo wasiwasi ukaanza kunipanda, polepole, bila sababu ninayoweza kukuonyesha kwa kidole. Nilicheka jambo fulani, yeye pia akacheka, na kwa nukta moja sikujua kicheko kipi ni changu. Halafu nikaona sauti yake imekuwa laini, imekuwa na kile kikwaruzo kidogo nilichonacho mimi tangu utotoni. Nikajiambia ni uchovu. Nikakaza macho barabarani. Miti ilikuwa imefunga pande zote mbili, na sikutaka kugeuza kichwa. Unanielewa? Mtu amekaa kando yako, unasikia anavyopumua, na shingo yako inakataa kugeuka.

Tukafika kizuizi kingine. Askari akachungulia dirishani, akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akatabasamu.

"Eh, bamama! Muko bapacha?"

Mapacha! Nikajaribu kucheka. "Hapana," nikasema, "huyu ni mupita njia tu."

"Usinifiche, mama. Naona na macho yangu. Bon, bapacha banaleta baraka, mupite."

Nikapita. Mbele kidogo nikageuka, maana kutogeuka kulikuwa kumekuwa kubaya zaidi. Sikumtazama usoni, nguvu hiyo sikuwa nayo. Nilitazama mkono wake uliokuwa juu ya goti. Mimi nina kovu la pasi hapa, chini ya kiwiko, refu kama kijiti. Na kovu hilo, umbo lile lile, lilikuwa kwenye mkono wake.

Nikakanyaga breki. Jeep ikateleza ikasimama upande upande. Nilishika usukani na kuomba Mungu kwa ndani, na hata sala nilizozijua tangu utotoni zikanipotea.

Yeye akafungua mlango bila haraka.

"Aksanti, dada," akasema kwa sauti yangu. "Inatosha."

Akashuka. Pale hapakuwa na kijiji, hapakuwa na nyumba, hapakuwa na hata njia ya miguu. Akatembea akaingia kwenye miti kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mimi nikafunga milango yote na kuendesha kama kichaa. Sikiliza vizuri: hakuna gari lililonipita baada ya hapo. Hata pikipiki moja. Nilikuwa natazama nyuma zaidi kuliko nilivyotazama mbele.

Niliingia Kisangani jua likizama. Nikauliza njia, nikafika mtaani, nikaliona lango la buluu, nikalia kwa furaha. Nikabisha. Tantine Julienne akafungua kidogo, akaniona, na badala ya kunikumbatia akapiga kelele na kulifunga tena kwa kishindo.

"Tantine, ni mimi! Wa kutoka Bunia!"

Nikasikia minong'ono, halafu sauti ya Tonton, ile ile ya kwenye simu, nyuma ya bati.

"Weye ni nani?"

Nikataja jina langu.

"Mutoto wangu ameshafika," akasema. "Amefika muchana, saa ya kula. Amekula lituma ya makemba na samaki hapa ndani, Julienne amemupakulia mara mbili. Ameomba funguo ya chumba, ametoka sasa hivi na mulango ya nyuma, na kitambaa ya kijani kichwani, kwenda kukiangalia. Donc weye ni nani?"

Mchana, saa ya kula! Saa ile nilikuwa kijijini kule na makemba mkononi, na yeye amekaa kando yangu ndani ya gari.

"Tonton, mimi ndiye. Mume wangu alikufa, shemeji zangu..."

"Ule mwingine amesema vile."

"Nimekuja na cherehani tatu."

"Amesema."

Na kovu je? Nikapitisha mkono wangu kwenye nafasi ya lango. Nikasikia Tantine analia. Alishaliona kovu hilo mchana, kwenye mkono uliokuwa ukimpokea sahani.

Hebu jiweke mahali pangu. Umesafiri nchi nzima, huna nyumba ya kurudi, na mlango pekee uliobaki duniani umefungwa kwa sababu wewe mwenyewe umeshaingia. Majirani wakaanza kutoka. Mmoja akasema "ndoki", mwingine akaokota jiwe. Mjini huku neno hilo, yaani mchawi, si la mchezo. Nikajua nikishindwa kusema kitu sasa, sitaiona asubuhi.

Nikatafuta kichwani mwangu kitu ambacho sikukisema ndani ya gari. Nilikuwa nimesema vyote! Niliupekua utoto wangu kama mtu anayepekua sanduku nyumba ikiungua. Ndipo kikaja.

"Tonton," nikasema, "siku ya ndoa yako nilikula keki nyingi, nikatapika ndani ya kofia yako nyeupe, ile chapeau ya harusi. Ukanifuta mdomo. Mama alipouliza chapeau iko wapi, ukamwambia upepo umeichukua."

Halafu nikasikia mwanaume mzima anacheka na kulia pamoja, na lango likafunguka.

"Hiyo sijaambia mutu," akasema amenikumbatia. "Hata Julienne. Hiyo ni ya sisi babili tu."

Asubuhi Tonton, mimi na mchungaji wao tukaenda kwenye chumba cha atelier. Ufunguo ulikuwa mlangoni, umening'inia kwa nje. Ndani kulikuwa kumefagiwa vizuri sana. Na sakafuni, kwa kipande cha makaa, alikuwa amechora: mistari ya cherehani tatu zikitazama dirisha, meza katikati, na kwenye pembe, kitanda kidogo. Mchungaji aliomba kwa sauti kubwa. Tulisugua sakafu ile kwa sabuni mpaka vidole vikachubuka.

Atelier ipo, na namshukuru Mungu wateja wanakuja. Lakini cherehani zangu zimeligeuzia dirisha mgongo. Mwanga ni mbaya, macho yananiuma, wateja wananishauri nizigeuze. Sizigeuzi. Kwenye ile pembe nimeweka gunia la vipande vya nguo, na yatima bado sijamchukua. Naogopa kumleta mtoto mahali alipokwisha kutandikiwa na yule. Tantine ni mwema kwangu, lakini kila nikirudi jioni ananiuliza kitu kimoja cha jana kabla hajanipakulia, eti mazungumzo tu. Najibu. Namwelewa. Siku moja tu aliteleza akasema, "Ule wa kwanza alisifu lituma yangu," kisha akageukia sufuria haraka.

Juzi nilikwenda mtaa wa Makiso kuangalia chumba kikubwa zaidi. Sikuwa nimemwambia Tonton, sikuwa nimemwambia mtu. Mwenye nyumba, mama mmoja mzee, alifungua mlango, akanitazama, akakunja uso.

"Mama, umesahau kitu?" akaniuliza. "Si umetoka hapa sasa hivi?"

Niligeuka, nikatembea haraka mpaka nikajikuta nakimbia.

Kwa hiyo wewe utakayepita njia ile, nisikilize. Simkatazi mtu kubeba mwenzake. Mvua ile ni kali na msitu ni mrefu. Mbebe, mgawie chakula, imbeni nyimbo za kanisani mkitaka. Ila mahali unapokwenda, na yale unayotaka kuyafanya ukifika, yabaki moyoni mwako. Na akikataa kula na wewe, simamisha gari.