Nilivyofanyia spin mazoezi kwenye mteremko wa Kiganjo, nikaaibika uwanjani Ruiru

Wakuu, salamu kwenu wote wa Thika na Ruiru, na nyinyi wa Mwiki mnaosoma hapa mkijifanya mko kazini.

Kuna kijana humu analia kwamba spin yake ya kriketi, ule mpira wa kugeuka ukidunda, haitulii. Leo mpira unaanguka miguuni mwa batsman, yaani mpigaji, kesho unaanguka katikati ya njia. Nimecheka hadi chai ikanimwagikia. Acha nianike aibu yangu ya zamani, labda itamsaidia. Sijaongeza chumvi. Ile iliyomo ilikuwa tayari inatosha.

Ilikuwa miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Nilikuwa nimeachia shule Form Two, nikapata ukarani kwenye duka la hardware pale Thika. Mwenye duka tumwite Bwana Jivan.

Nyumbani kwetu ni upande wa Kiganjo, hapo hapo Thika. Mimi nilikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Safari ndefu kwangu ilikuwa kutoka jikoni kwa mami hadi chooni, na hata hiyo nilikuwa naiahirisha.

Sasa Bwana Jivan alifungua duka lingine Kisumu, akataka karani huko. Makarani tulikuwa wawili tu, mimi na Mutua. Mmoja lazima aende.

Hapa ndipo kriketi inaingia. Bwana Jivan alikuwa kepteni wa timu ya wenye maduka, na sisi makarani tuliingizwa kujaza nafasi. Mutua alikuwa batsman, na alijua kupiga. Mimi nilirusha spin iliyogeuka kweli kweli. Shida ni kwamba hakuna aliyejua itaanguka wapi, hata mimi mwenyewe.

Siku moja akaniita kando ya magunia ya misumari.

"Karani, mpira wako unageuka, lakini haujui kwao ni wapi. Ukipata length kabla ya mechi ya Ruiru, unabaki Thika. Ukikosa, utapanda gari la moshi."

Wakuu, sikulala vizuri. Kisumu! Nani angenipikia?

(Kwa wasiojua: length ni pale mpira unapodunda. Ukidunda karibu na miguu ya batsman, anaupiga kabla haujageuka. Ukidunda mbali naye, anapata muda wa kuutazama na kuuchagulia mahali pa kwenda.)

Nikaanza mazoezi kila jioni nikitoka kazini. Uwanja wetu wa nyumbani unashuka kuelekea mtoni, kama boma zote za kwetu. Nikapima hatua ishirini na mbili kutoka ghala ya mahindi kwenda chini, upande wa jikoni. Pale mpira unapotakiwa kudunda nikatandika gunia.

Mami alikuwa anakaa kando akichambua maharagwe. Hakuwa anaelewa kriketi na hakutaka kuelewa. Alikuwa na sharti moja tu: mpira usiguse mlango wa jikoni yake.

Lakini baada ya siku tatu akawa umpire. Anasema bila kuinua macho:

"Fupi."

"Ndefu."

"Hiyo imeua nyanya."

Nilifanya mambo mawili ambayo hata leo nitayatetea. Kwanza, hatua zangu za kukimbilia zikawa nne, sio tatu leo na saba kesho. Pili, niliacha kuukamua mpira kama nafua blanketi. Nikatulia, nikaangalia gunia tu.

Wiki ya tatu gunia likatoboka. Kuku wakaacha kukimbia nikitokea na mpira. Nikaanza kutembea pale dukani kama mtu ambaye amejengewa nyumba ya mawe. Mutua nikamwambia aanze kujifunza kula samaki.

Jumapili ya mechi tukapanda lori la duka. Pasi za kusafiri za wakati wa Hali ya Hatari zilikuwa zimeanza kulegezwa, kwa hivyo mami naye akapanda. Alisema Mungu ataelewa akikosa kanisa mara moja, yeye anataka kuona hicho kitu kilichomaliza nyanya zake.

Wapinzani walikuwa watu wa mashamba ya kahawa ya pale Ruiru. Uwanja wao ulikuwa umenyooka kama meza, na katikati mkeka wa katani umepigiliwa misumari. Kando zote, kahawa.

Sisi ndio tulibat kwanza, yaani kupiga. Mutua akatolewa na mpira wa kwanza kabisa. Nikasikitika kwa uso, moyoni nikaimba.

Zamu yangu ikafika. Mbele yangu amesimama meneja mmoja wa shamba, Mzungu mwenye tumbo la heshima. Nikachukua hatua zangu nne, nikarusha vile vile kama nyumbani.

Mpira ukadunda katikati ya njia, ukamfuata polepole kama mgeni anayebisha hodi. Akaupiga ukaingia kwenye kahawa.

Wa pili, kahawa. Wa tatu, kahawa. Wenzangu walikuwa wanatafuta mipira huko ndani mpaka ungedhani wameandikwa kuvuna.

Bwana Jivan akanikaribia akiwa mtulivu kabisa.

"Karani, nasikia Kisumu kuna upepo mzuri."

Wakati wa chai nilienda kwa mami nikiwa nimenyong'onyea. Nikamwambia aanze kuzoea kuishi bila mimi. Sikuelewa, mkono ni ule ule, hatua ni zile zile.

Mami alikuwa anakula mandazi ya wapinzani. Aliniita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

"Baba, nyumbani unasimama juu na gunia liko chini. Mpira unashuka na shamba. Hapa shamba limelala. Unangoja mteremko gani?"

Mwezi mzima, na Form Two yangu yote, sikuwa nimeliona hilo.

"Sasa nifanye nini, mami?"

"Sahau gunia. Rusha kama unataka kugonga mlango wa jikoni yangu. Leo nimekuruhusu."

Nikarudi. Nikafumba macho kidogo nikauona ule mlango wa mabati. Nikaulenga kwa roho safi.

Mpira ukaenda juu, ukashuka pale pale panapotakiwa, ukageuka. Meneja alikuwa ameshasogea mbele kuupiga, akapiga hewa, fimbo za nyuma yake zikaanguka, akatolewa.

Kutoka hapo nikaendelea kubomoa mlango wa mami mpaka jioni. Watu wanne zaidi walitolewa. Mechi tulishindwa, kwa sababu ile kahawa ya mwanzo ilikuwa imeshaingia kwenye hesabu, lakini length haikunipotea tena.

Kwenye lori Bwana Jivan hakunisemesha mimi. Alimuuliza mami kama ana nafasi Jumapili zijazo.

Kisumu akaenda Mutua. Alioa huko, akanenepa, akaniandikia barua ya kunishukuru.

Funzo langu kwa yule kijana: kabla ya kulaumu mkono wako, angalia ardhi unayofanyia mazoezi. Na tafuta mtu mmoja anayekutazama kila siku, hata kama anachambua maharagwe.

Haya, niambieni, nyinyi mlijifunzia wapi na mlivunja nini? Na wale mtakaosema nilikuwa mtoto wa mama, msijisumbue kuandika sana. Nilikuwa. Lakini wa kubaki Thika nilikuwa mimi.