Barabara Haikuibiwa

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu Idi, na hata leo nikipita penye harufu ya mafuta ya cherehani siku ile hunirudia. Nilitaka kukwambia juzi ulipokuwa unanionyesha kamera zako kule Goba, nikanyamaza, maana mkeo alikuwa keshatia chai, na hasira na chai ya watu haviendi pamoja. Sasa nakuandikia. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usinisahihishe. Soma.

Babu yako alikuwa fundi cherehani pale Temeke. Aliletwa mjini kutoka Newala akiwa mdogo, na huko nyuma hakuacha shamba wala mche mmoja wa mkorosho. Alichokuwa nacho ni cherehani ya miguu, anaiweka barazani, na futikamba ya kupimia watu shingoni. Na wakati ule, mwanangu, mtu asiye na kazi mjini aliitwa mzururaji. Alipakiwa kwenye lori akarudishwa kijijini akalime. Sina ugomvi na kulima, wengi walilima wakala. Nasema tu kwamba chuma kile ndicho kilichomfanya baba yangu awe mtu wa Temeke. Bila chuma kile alikuwa mzee aliyekaa barazani, basi.

Balozi wetu wa nyumba kumi aliitwa Salehe Nangundu. Namtaja. Watu huniambia marehemu hasemwi. Mie namsema, kwa sababu alipokuwa hai hakuna aliyenisikiliza.

Wiki ile tukatangaziwa kazi ya kujitolea, kuchimba msingi wa zahanati. Kila mwenye mikono aende na jembe. Watu wakauliza, na nyumba zetu je? Salehe akasema tusiwe na wasiwasi, walinzi atawapanga yeye. Akapita nyumba moja moja na fimbo yake, anazunguka mbele, anazunguka uani, anauliza kwa upole kabisa: hii redio mkitoka mnaiwekaga wapi? Na cherehani, mzee, inalala chumba gani? Baba akamfungulia mpaka chumbani akaone. Si balozi wetu? Wahenga wanasema mchawi mpe mwana alee. Sie tulimpa mwana, akamla.

Jumamosi asubuhi akanipanga mie mbele, kwenye kona ya barabara kubwa. Akasema mbele ya watu kwamba binti wa fundi ana macho ya mwewe. Mgema akisifiwa unajua anavyofanya, kichwa kikanivimba. Nyuma, kwenye kichochoro cha uani, akamweka Hamza, kaka wa mkewe, mtu wa kusukuma mkokoteni.

Nikalinda, mwanangu. Jua lote la siku ile lilikuwa langu. Nilimsimamisha muuza samaki nikachungulia tenga lake. Nilimhoji mgeni aliyepotea njia mpaka akaniuliza kama mimi ni polisi au ni binti ninayetafuta mume. Sikuondoka hata kunywa maji.

Watu wakarudi na matope miguuni. Baba akaingia ndani kuitoa cherehani amalizie kaptula za watoto wa shule, akatoka mikono mitupu. Ua wa makuti uani ulikuwa umefunguliwa kamba, kisha umefungwa tena vizuri, kazi ya mtu asiye na haraka.

Hamza akaapa kwamba toka asubuhi hakubanduka, na nyuma hakupita hata kuku. Aliyepita, akasema, kapita mbele. Ua akauona kama tulivyouona wote, na bado akasema mbele, na bado watu wakamwamini, wakanigeukia mie. Mmoja akamuuliza mwenzake kwa kunong'ona kama nina bwana. Nilisikia.

Nikawa nalia, naapa kwamba barabarani hakupita mwizi. Ndipo Bi Somoe, jirani yetu, bibi wa Kizaramo mwenye ulimi kama wembe, akatua jembe lake akanitazama.

"Umelinda barabara," akasema. "Haya, barabara ipo?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akanivuta kando, akashusha sauti.

"Mtu akikuweka mahali utazame, mjukuu wangu, jiulize kwanza ni wapi hataki utazame."

Sikumwelewa. Nilidhani ananisimanga kama wengine.

Hazikupita wiki nyingi, lori likaja mtaani kwetu. Baba alikuwa amekaa barazani na futikamba yake shingoni, maana alishindwa kujizoesha kuivua. Mgambo akamwuliza kazi yake. Akajibu fundi cherehani. Akaulizwa cherehani iko wapi. Baba akamgeukia Salehe, aliyekuwa amefuatana nao, akamwomba awaeleze yeye, kwa kuwa anajua yaliyotokea. Mie nilikuwa mlangoni.

Salehe akanyoosha kidole.

"Huyu hana kazi," akasema. "Mimi ndiye balozi wake, namjua."

Baba akapanda lori. Masika ya pili hayakumkuta. Alifia katika kijiji ambako hakumjua mtu, na sie habari ilitufikia akiwa keshazikwa.

Cherehani niliiona baadaye, nimevuka na pantoni kwenda harusini Kigamboni. Niliijua kwa alama ya pasi ya mkaa niliyoiunguza mwenyewe kwenye ubao wake nikiwa mtoto. Fundi niliyemkuta akiishonea hakuficha kitu: kauziwa na Hamza, na Salehe alikuwepo, alisaidia kuishusha. Nikakimbilia ofisi ya tawi la chama. Bwana niliyemkuta mezani hakuniuliza habari ya Hamza wala ya Salehe. Aliniuliza siku ile mbele alilinda nani. Nikasema ni mie. Akaniambia basi niende nyumbani, kabla hajaniuliza zaidi.

Salehe alizeekea pale pale Temeke, anaamkiwa shikamoo mpaka anaingia kaburini. Yangu hakuipata.

Sasa wewe. Ulinikalisha sebuleni ukanionyesha kwenye runinga geti kwa kushoto, geti kwa kulia, na gari lako kama bibi harusi. Nikakuuliza, na nyuma je, ukuta wa kule korongoni? Ukasema fundi kasema nyuma hakuna haja. Fundi kaletwa na nani? Na shemeji yako Deo. Na namba ya siri ya kuzifungulia? Iko kwa Deo, maana wewe uko bize. Halafu kamera moja umeielekeza jikoni, inamtazama Rehema, dada wa kazi, mchana kutwa.

Sisemi Deo ni mwizi. Simjui kwa baya lolote. Nasema siku kitu kikipotea, picha zitamwonyesha Rehema, kwa kuwa ndani ya nyumba ile yeye peke yake ndiye anayeonekana. Mie, mwanangu, niliwahi kuwa Rehema. Wanasema macho hayana pazia. Hawakusema kwamba yana mtu anayeyageuza.

Basi nisikilize. Toka uizunguke nyumba yako kwa miguu yako, uanzie korongoni, kama mtu anayeitamani mali iliyomo. Utakapoona pa kupenya, hapo ndipo pa kamera ya kwanza. Geti lipe moja, linatosha. Geti lina wapita njia. Ile ya jikoni ing'oe leo hii, ikae nje juu ya mlango wa uani, itazame anayekuja, isimtazame anayekupikia. Isichungulie kwa jirani, maana jirani uliyemfanya mwizi hatakupigia kelele mwizi akija. Namba ya siri ibadilishe, uijue wewe na mkeo. Deo akinuna, mwambie mama kasema, anione mie. Mtu mwema hanuni mlango ukifungwa. Na pa kutazama usipangiwe na mtu, hata awe nani. Na ukipangiwa, basi anayepanga walinzi naye awekewe mlinzi.

Mungu akulindie mgongo wako, usikofika kwa macho. Nyumba yako aijaze watu wa kukusemea, siyo wa kukusema. Na siku ya kuondoka hapo ikifika, uzee umekukuta, uondoke kwa miguu yako mwenyewe, si kwa kidole cha mtu.