Nilimwapia Ndugu Yangu Kwamba Hakuona Kitu Mawinguni

Mie ndiye mkosa, wala sitaki mtu aniombee udhuru. Nimerusha ndege ndogo miaka mingi hapa kwetu Unguja, watu wakinisifu, na mama yangu akitembea kifua mbele vichochoroni mwa Mji Mkongwe kwa ajili yangu. Leo nnasema, kwa sababu nshachoka kulibeba peke yangu.

Nina ndugu. Nitamwita Nassor, ingawa silo jina lake. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila tumenyonya ziwa moja. Mama yake aliugua alipomzaa, mama yangu akamchukua, akatunyonyesha pamoja, huyu huku na huyu huku. Kwa dini yetu huyo ni ndugu yangu khasa. Tumesoma chuo cha Kurani pamoja, tumechapwa bakora pamoja, na tulipokua sote wawili tukawa marubani. Mama akisema Mungu kampa watoto wawili, na wote kawapeleka juu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo shari ilipoanzia. Sisi wa ndege ndogo tukiingia ndani ya wingu hatuoni kitu. Unatazama vipimo vilivyo mbele yako, basi. Mwili utakwambia umepinda, kumbe umenyooka. Usiusikilize, fuata vipimo. Na ili msigongane, kila mmoja anamwambia muongozaji wa mnarani yuko wapi na yuko futi ngapi, naye anakupangieni nani ashuke na nani angoje. Tena kuna chombo tunakiita transponda. Kinatangaza ulipo na kimo chako, wenzio wakakuona kwenye skrini zao, na wewe ukawaona wao. Ukikizima huonekani, na wewe mwenyewe huoni.

Ramadhani ile iliangukia masika. Mama alikuwa na tabia yake: adhana ikilia anafungua kwa tende moja na maji, kisha hagusi chochote mpaka asikie ndege yangu inapita juu ya nyumba. "Siwezi kula na mwanangu yuko hewani," ndivyo akisema. Mkate wa kumimina unapoa, tambi zinaganda, naye kakaa juu sakafuni, kwenye paa la nyumba, na kanga yake kichwani, anasikiliza. Moyo ukiniuma kweli.

Basi nikajifunza ujanja. Narudi kutoka Pemba, bado sijafika Nungwi, nasema nshafika. Bado niko juu, nasema nshashuka. Napewa nafasi ya mwanzo ya kutua. Nikijiambia ni kukata foleni tu, kama watu wanavyokata dukani. Ngojangoja huumiza matumbo, au sivyo? Na ili transponda isinisute, nikawa naizima kidogo mpaka nimekaribia. Astaghfirullah!

Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu Pemba. Nilikuwa peke yangu na mizigo, futi elfu nne. Nassor alikuwa nyuma yangu na abiria, futi elfu tano, kwenye ndege yenye kasi kuliko yangu. Namsikia redioni, sauti imemkauka kwa saumu. Tena alikuwa anakuja kufuturu kwetu! Ningemwambia, "Yakhe, nipishe," angenipisha huku anacheka.

Sikumwambia. Nikaizima transponda, nikamwambia dada wa mnarani nshaiacha elfu nne, niko elfu mbili. Uongo mtupu! Kipimo kilikuwa mbele ya macho yangu na mshale haujaiacha nne. Yule dada akaniamini, kwani kwa nini asiniamini? Akamwambia Nassor njia nyeupe, ashuke.

Nilisikia mngurumo kabla sijaona kitu. Kisha wingu likafunguka kidogo, nikaona tumbo la ndege na magurudumu, hapa, juu ya utosi wangu! Nikapiga kelele. Yeye alikuwa keshaniona. Aliinyanyua ile ndege kwa nguvu zake zote, akapotea winguni. Hatukugongana kwa rehema ya Mungu tu. Na kabla sijatua nilikumbuka kuiwasha transponda.

Kwenye ndege ya Nassor mzee mmoja alikuwa kafungua mkanda. Alirushwa, akavunjika mkono. Hapo ikawa kesi, na wakubwa wa mambo ya anga wakatuita sote wawili.

Nassor alisema kweli tupu. "Nilikuta ndege chini yangu. Nyeupe, bawa la kulia lina kiraka cha kijivu." Kiraka kile kilikuwa cha ndege yangu.

Wakanigeukia. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Elfu mbili, mbele kule. Sikuona kitu."

Abiria wake walikuwa wameona wingu tu, na skrini yake haikuonesha kitu. Wakamwambia, "Ndege ya mwenzio unaiona kila siku kiwanjani, akili imekuchorea. Umefunga, una njaa, uko winguni, umeshikwa na kizunguzungu." Mie pia nilifunga. Hakuna aliyeniuliza.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Yakhe, niambie mie. Kweli hukuniona?"

"Sikukuona, wallahi."

Nikaapa! Nimefunga, na jina la Mungu mdomoni, namwapia mtu niliyenyonya naye! Na mngejua alivyonijibu. Alishusha pumzi, akasema, "Basi macho yangu yana kasoro. Ahsante kwa kunambia kweli." Loo, ole wangu mie!

Kazi hakufukuzwa papo hapo. Lakini rubani asiyeyaamini macho yake atarusha nini? Mara mbili aligeuza ndege mawinguni akikwepa kitu ambacho hakikuwepo. Baada ya hapo hawakumpa ndege tena. Mtaani ikawa mzaha: akipita barazani wanamuuliza, "Nassor, leo umeona ngapi?" Wengine wakasema kaona jini. Mkewe akawa anamficha ufunguo wa vespa. Mama akampeleka kwa shekhe akasomewa, akanyweshwa kombe, maji yaliyooshewa aya za Kurani, na mie ndiye niliyemshikia bilauri akanywa. Mie! Nasema, "Kunywa yakhe, inshaallah utapoa," na najua kwamba haumwi.

Mwisho akahama mji, akaenda Kizimbani kutembeza watalii kwenye mashamba ya viungo, awaoneshe hiliki na mdalasini. Mie nikapewa ndege kubwa zaidi. Kila Ramadhani alikuja kufuturu kwetu, tukala sinia moja, nami nikiutazama wali kuliko uso wake.

Mwaka huu, Shaabani ilipoanza, mama alinituma nimpelekee bokoboko. Nikamkuta na kikundi cha wageni, akawaacha wapige picha, tukakaa pembeni kwenye gogo. Tunazungumza mambo ya kawaida, bei ya karafuu, meno ya mama. Ndege ikapita juu. Nassor akainamisha kichwa, akangoja. Kisha akaniuliza polepole, wala hakuinua macho:

"Hebu nitazamie, yakhe. Moja au mbili?"

Yarabi! Miaka yote ile alikuwa akiishi hivyo, na mimi ndiye aliyeniamini kumtazamia.

"Moja," nikamwambia. Halafu likanitoka lenyewe. "Leo ni moja, Nassor. Siku ile zilikuwa mbili."

Hakunielewa hapo hapo. Kisha akauliza:

"Na kiraka?"

"Kilikuwepo."

"Bawa la kulia?"

"La kulia. Nilizima transponda, nikadanganya kimo. Nilikuona, Nassor. Nilikuona kama nnavyokuona sasa."

Akasimama. "Kwa hivyo mie mzima?"

"Mzima, ndugu yangu. Siku zote ulikuwa mzima."

Akakaa tena akalia, mtu mzima, kwa sauti, mpaka wale wageni wakaacha picha zao. Nilingoja anipige. Wallahi bora angenipiga! Alipomaliza alijifuta uso kwa shati, akaniambia neno moja tu: "Na kombe ulinishikia wewe." Akainuka akarudi kwa wageni wake. Bakuli la bokoboko lilibaki pale pale kwenye gogo.

Siku ya pili yake nilikwenda kwa wakubwa, nikasema yote. Leseni wameichukua, na ni haki yao. Nassor walimwita, wakamtaka radhi, wakamwambia anaweza kujaribiwa upya. Alikwenda. Alipanda, akakaa kitini, akafunga mkanda, injini ikawashwa. Kisha akaomba izimwe, akateremka. Alisema hawezi, na hakuna aliyemlazimisha.

Kumwambia mama ndiko kulikokuwa kuzito zaidi. Nilimpigia magoti, nikamwambia nilifanya vile ili nisimcheleweshe kula. Hakunipigia kelele. Alinitazama kama mtu anayemtafuta mtoto wake, akasema, "Mie nilikuwa nangoja ufike, baba. Nani alokwambia nna haraka?"

Jina langu sikuliweka. Mji wetu mdogo, na mama ana aibu ya kutosha. Lakini nyinyi mnaoendesha vyombo, angani, baharini au barabarani, nakuombeni: ukisema uko pahala, uwe upo hapo. Kuna mwenzio anashuka kwa kuiamini kauli yako. Na ukiteleza, sema siku ile ile, ungali na uso wa kusemea. Mie kosa langu la angani lilikuwa la dakika chache, na Mungu alituokoa. Kilichommaliza ndugu yangu ni ulimi wangu, nikiwa nimesimama chini kwenye ardhi, salama.

Ramadhani imeingia. Nassor anakuja kufuturu, kwa ajili ya mama. Anakaa upande wake ule ule wa utotoni, nami wangu. Salamu ananijibu, zaidi ya hapo hana neno. Adhana ikilia mama anachukua tende. Ndege ikipita juu ya nyumba mkono wake bado unasita, anasikiliza mpaka mngurumo uishe, kwa mazoea. Kisha anatutazama wanawe wawili, sote tuko chini, ndipo anakula. Wenzangu, msije mkawafanyia mama zenu hivi.